Mshono wa bulioni: maswali ambayo wanafunzi wangu huniuliza kila mara

Jumamosi asubuhi sebule yangu ya Buruburu, Nairobi, hujaa watu wenye vitambaa mapajani. Wengi huja wakitaka jambo moja: lile waridi dogo lililofura, ambalo ukilipapasa unahisi kila petali. Waridi hilo linatokana na mshono wa bulioni. Nimeudarizi kwa miaka mingi na bado naupenda kuliko mshono wowote mwingine, kwa hiyo nimeyaandika hapa maswali yanayorudi tena na tena pamoja na majibu ninayoyatoa. Tangu mwanzo ujue kwamba mshono huu hauko kwenye sindano. Uko kwenye kidole gumba cha mkono usioshika sindano. Kidole hicho kikijifunza kazi yake, yaliyobaki hufuata.

Bulioni ni mshono wa namna gani?

Ni uzi uliozungushwa juu ya sindano mara nyingi, kisha ukalazwa juu ya kitambaa ukiwa umejiviringa kama springi ndogo. Haulali bapa kama mshono wa shina au wa mnyororo, bali umeinuka na una mgongo. Darasani kwetu tumezoea kuuita kiwavi kwa sababu ndivyo unavyoonekana, mnene na wenye mapingili. Jina bulioni linatukumbusha ule uzi wa madini ya dhahabu au fedha uliosokotwa kama springi, unaopambia beji na mabega ya sare za kijeshi. Ukiona beji ya afisa kwa karibu utaelewa mara moja.

Si ndilo fundo la Kifaransa?

Ni ndugu, lakini si mmoja. Kwenye fundo la Kifaransa unatoa sindano juu, unazungusha uzi mara moja au mbili, halafu unairudisha chini palepale pembeni. Unapata kitone cha duara. Kwenye bulioni sindano huingia mbali kidogo na kurudi kutokea pale ilipoanzia, ndipo unapozungusha uzi mara saba, kumi, hata kumi na tano. Unapata kijiti. Anayejua fundo la Kifaransa hujifunza bulioni haraka, maana mkono wake umeshazoea kuushika uzi usilegee.

Ulianzia wapi?

Hauna nyumba moja. Mahali ulipopata sifa kubwa ni mji wa Mountmellick, Ireland, ambako katika karne ya 19 wanawake walidarizi kwa uzi mweupe wa pamba juu ya kitambaa cheupe cha pamba. Kwa kuwa rangi ilikuwa moja, urembo wote ulitegemea mishono iliyoinuka: mafundo, bulioni, mishono iliyojazwa ndani. Walichora mimea ya kwao kama matunda ya miiba ya vichakani na majani ya mwaloni. Mimi huwaonyesha wanafunzi kazi za namna hiyo wanapolalamika kwamba hawana rangi za kutosha.

Sisi nasi si wageni kwenye urembo wa kugusa. Kofia za mkono za Lamu zimejaa vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi hadi vikasimama imara, na fundi hukaa na kofia moja kwa wiki nyingi. Na nani aliyekulia Kenya asiyekumbuka vitambaa vya viti? Kwa mama yangu kila kiti kilikuwa na kitambaa mgongoni na kwenye mikono, na ole wako ukae navyo vibaya. Waliosoma shule za msingi za 8-4-4, ule mfumo wa elimu wa Kenya, wanakumbuka sayansi kimu na vile vipande vya kitambaa tulivyodarizi kwa ajili ya mwalimu. Bulioni hatukufundishwa, lakini mkono uliojifunza mshono wa mnyororo wakati ule haujasahau.

Lazima nijue mishono mingine kwanza?

Jua kuanza na kumaliza uzi bila fundo kubwa nyuma, na jua mshono wa shina kwa ajili ya vikonyo. Majani yatakuja kwa mshono wa kitanzi. Hiyo yatosha.

Ninunue sindano ipi?

Hapa ndipo wengi huanguka kabla hata ya kuanza. Sindano za kawaida za kudarizi zina tundu pana, yaani mahali pa kupitishia uzi pamevimba kuliko mwili wa sindano. Kwa mishono mingine hiyo ni faida. Kwa bulioni ni msiba, kwa sababu ile mizunguko yote uliyoipanga vizuri lazima ipite juu ya uvimbe huo. Inakwama, unavuta kwa nguvu, inajikunja.

Unachotaka ni sindano ndefu, nyembamba, ambayo tundu lake halizidi unene wa mwili wake. Ni zile walizokuwa wakitumia washona kofia wa Ulaya. Dukani usipoteze muda kutaja majina. Omba wakuonyeshe sindano ndefu za mkono, ushike moja kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha utelezeshe vidole kutoka kwenye ncha hadi mwisho. Ukihisi nundu, rudisha. Vidole vikiteleza mpaka mwisho bila kugundua tundu lilipo, lipa. Kumbuka pia kwamba namba za sindano zinakwenda kinyume na unavyotarajia: namba ikiwa kubwa, sindano ni nyembamba. Kwa nyuzi mbili au tatu, nambari 5 hadi 7 inafaa.

Biashara Street na vichochoro vya River Road vina maduka ya vifaa vya mafundi wa cherehani, na huko ndiko ninakozipata. Nenda asubuhi siku ya kazi, wakati muuzaji bado ana subira ya kukufungulia pakiti.

Uzi je?

Uzi wa pamba wa kudarizi, ule unaouzwa kwa mashada madogo. Shada la kawaida huwa na mita 8, na ndani yake mna nyuzi 6 zinazotenganishika. Usitumie zote sita. Chomoa moja moja, kisha uzipange pamoja upya hata kama unataka tatu. Zikitenganishwa kwanza hulala sambamba na kiwavi kinang'aa. Ukizichomoa kwa kundi zinabaki zimejisokota zenyewe kwa zenyewe na kiwavi kinaonekana kama kimechanika.

Kwa anayeanza, ningependa zaidi uzi mmoja mnene uliosokotwa kama kamba ndogo, usiotenganishika. Uliza ule wenye namba 8. Namba 5 ni mnene zaidi. Haupasuki sindano ikipita, na macho yanaona kila mzunguko. Ukishajua kazi, hamia kwenye nyuzi mbili au tatu.

Uzi wa kushonea wa polista unaotumiwa kwenye cherehani ni mwembamba mno na unateleza. Sufu inawezekana, nayo hutoa viwavi vinono vya kupendeza kwa kofia za baridi ya Julai, ila inahitaji kitambaa kizito.

Urefu: kata dhiraa moja na kidogo, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, kisha uongeze kiganja. Mshono huu unakula uzi kuliko unavyodhani, lakini uzi mrefu sana huchakaa kwa kupita kitambaani mara nyingi, na bulioni ya mwisho hutoka na manyoya.

Kitambaa gani ni kizuri kwa kujifunzia?

Amerikani. Ni rahisi, imefumwa sawasawa, na inakubali sindano bila ubishi. Ifue kwanza kwa maji ya moto ili inywee na itoke ile wanga ya kiwandani. Njia nyingine ya Nairobi ni Gikomba: tafuta shuka au kitambaa cha meza cha mitumba kilichoandikwa pamba tupu, ukikate vipande. Pamba iliyofuliwa miaka kumi ni laini kuliko chochote utakachonunua kipya.

Kaa mbali na kitambaa kinachovutika, kama cha fulana, mpaka uwe mzoefu. Na kile kilichofumwa kwa mianya mikubwa kitameza mafundo yako.

Fremu ya mviringo ni lazima?

Hapana, na kwa mshono huu mara nyingi ni kikwazo. Sindano inatakiwa iingie na kutokea kwa mwendo mmoja, kama unapochota. Kitambaa kikikazwa kama ngozi ya ngoma, huwezi kuchota. Ama uilegeze fremu hadi kitambaa kibonyee kidogo, ama uiweke kando. Mimi hushona mapetali bila fremu, na naivaa fremu ninaposhona vikonyo na majani.

Nielekeze hatua kwa hatua.

Chora kistari cha milimita 6 kwa penseli. Kwa maelezo haya ncha ya kushoto ya kistari ni tundu la kwanza, na ya kulia ni tundu la pili. Utawaona wengine wakianzia upande mwingine, haidhuru.

Toa sindano kutoka nyuma kupitia tundu la kwanza, vuta uzi wote. Sasa chomeka sindano kwenye tundu la pili, uielekeze nyuma ya kitambaa, na uitokeze tena kwenye tundu la kwanza, palepale uzi unapotoka. Usiivute. Iache imelala kitambaani, ncha yake ikiwa nje kiasi cha nusu ya sindano au zaidi. Hakikisha haijauchoma uzi.

Chukua uzi unaotoka kwenye tundu la kwanza, uuzungushe kwenye ncha ya sindano. Kila mzunguko uusukume kwa ukucha ushuke hadi ukaguse kitambaa, ukae ubavuni mwa mwenzake, usipande juu yake. Ukaze kiasi gani? Mizunguko iikumbatie sindano bila kuikaba. Kipimo changu: nikiizungusha sindano kwa vidole, igeuke ndani ya mizunguko bila kuiburuta.

Sasa kazi inahamia mkono wa pili. Laza kidole gumba cha kushoto juu ya mizunguko yote, kidole cha shahada kiwe chini ya kitambaa, ubane kama unavyobana jani la chai usilotaka lipeperuke. Kwa mkono wa kulia vuta sindano itoke ndani ya mizunguko. Vuta polepole, kwa mstari ulionyooka, na kidole gumba kisiinuke. Narudia kwa sababu kila mtu huinua: uzi unapopita, mkono wa kushoto unahisi mtetemo na unataka kuachia uone kinachoendelea. Usiangalie. Endelea kuvuta hadi uhisi uzi umeisha na kitu kimegota chini ya kidole.

Hapo ndipo unapofungua. Utaona kiwavi kimesimama wima au kimeelekea upande usiofaa. Ni sawa. Uvute uzi kuelekea tundu la pili, nacho kitalala juu ya kistari. Kama mizunguko imejikusanya sehemu moja, pitisha ubavu wa sindano chini ya kiwavi na kukisugua mbele na nyuma kama mtu anayesukuma chapati, itajipanga. Mwisho chomeka sindano kwenye tundu la pili, vuta chini. Kimoja kimekamilika.

Fanya ishirini kabla ya kukata tamaa. Vitano vya kwanza vitakuwa vibaya kwa kila mtu.

Nizungushe mara ngapi?

Mizunguko ikiwekwa bega kwa bega iwe na urefu sawa na umbali wa matundu mawili, kisha uongeze mmoja. Kwa nyuzi tatu za pamba, milimita 6 hula mizunguko 7 hadi 9. Ukitumia nyuzi mbili itafika 10 au 11. Usikariri namba za watu wengine kwa sababu uzi wako na mkono wako ni tofauti. Zungusha, kisha ulaze sindano juu ya kistari ulinganishe kwa macho.

Ukitaka kiwavi kiinamike kama mwezi mchanga, ongeza mizunguko mitatu au minne kuliko umbali unavyotaka. Haitapata pa kulala, itainuka na kupinda. Na matundu mawili yakikaribiana sana, milimita moja tu, ukazungusha mara 12 hadi 15, unapata kitanzi kilichosimama, kizuri sana kwa petali za maua ya porini.

Mwisho wa urefu ni kama sentimita moja na nusu. Kirefu kuliko hapo hulegea na kunasa pete na vifungo, labda ukibane katikati kwa mshono mdogo usioonekana.

Sindano imekwama ndani ya mizunguko. Nifanyeje?

Usitumie meno. Nimewaona watu wakivuta kwa meno, na nimeona damu kwenye amerikani nyeupe.

Kwanza rudisha sindano nyuma kidogo, uigeuzegeuze kwa vidole kama unayefungua kizibo. Mizunguko italegea. Kisha uvute tena huku unaigeuza. Kipande cha mpira, hata kile cha puto lililopasuka, hukusaidia kuishika ikiwa vidole vina jasho. Subana pia ni rafiki, uivae kwenye kidole kinachosukuma nyuma ya sindano.

Ikikwama kila mara basi sababu ni moja kati ya mbili. Sindano ina nundu, au unakaza uzi kupita kiasi kwa woga kwamba utafumuka. Woga huo ndio unaonirudisha kwenye kidole gumba: anayeamini kidole chake hana haja ya kukaza.

Kiwavi changu ni chembamba katikati na kinene pembeni.

Uliachia kabla uzi haujaisha kupita. Mizunguko ya katikati ikanyooka. Kama hujachomeka tundu la pili, kisugue kwa ubavu wa sindano. Kama umeshachomeka, rudi utoe.

Uzi mmoja umechomoza juu kama kitanzi.

Mzunguko mmoja ulipanda juu ya mwenzake. Tafuta kwa ncha ya sindano uzi wa ndani, uuvute taratibu kuelekea tundu la kwanza, na kitanzi kitazama. Hii ndiyo dosari ya kawaida kwa watu wanaozungusha haraka huku wakipiga gumzo, na darasa langu lina gumzo jingi.

Nizungushe upande gani? Video moja inasema hivi, nyingine inasema vile.

Zote zinaweza kuwa kweli. Kila uzi umesokotwa kuelekea upande fulani. Ukiuzungusha kwenye sindano kwa upande unaoukaza, unabaki laini. Ukiuzungusha kinyume, unafumuka na nyuzi zake zinatawanyika. Wadarizi wa mtindo wa Kibrazili hutumia uzi wa reyoni unaong'aa, ambao umesokotwa kinyume na ule wa pamba wa mashada, ndiyo maana mikono yao kwenye video huzunguka kinyume na yangu.

Jaribio ni jepesi. Shona viwavi viwili, kimoja kwa kila upande, uviweke dirishani. Macho yatachagua. Ukishachagua, usibadilishe katikati ya ua, kwa sababu mwanga utaakisi tofauti na petali moja itaonekana imefifia.

Mimi natumia mkono wa kushoto.

Geuza kila nilichosema: tundu la kwanza liwe kulia, la pili kushoto, na kidole gumba cha kulia ndicho kibane. Kaa tukitazamana ana kwa ana badala ya kukaa kando yangu. Mkono wangu utakuwa kioo chako, wala hutahitaji kugeuza chochote kichwani.

Waridi linaundwaje?

Kabla ya kushona, nenda City Market pale Muindi Mbingu Street wanakouza maua, ununue waridi moja, si shada. Litazame kutoka juu. Utagundua kwamba petali hazijapangwa kama miale ya jua. Kila moja inaanzia nyuma ya katikati ya nyingine, na hakuna mahali petali mbili zinapokutana ncha kwa ncha. Kulielewa hilo ndiyo siri yote ya waridi la uzi.

Andaa rangi tatu za ukoo mmoja: nzito, ya kati na nyepesi. Kwa rangi nzito shona viwavi viwili au vitatu vifupi, vyenye mizunguko 6 au 7, vilivyolala ubavu kwa ubavu. Hicho ni kiini. Kwa rangi ya kati ukizunguke kiini kwa viwavi vitatu au vinne vyenye mizunguko 10 hadi 12. Kila kimoja kianzie nje kidogo ya katikati ya kilichotangulia, kipite mbele yake, na kiishie mbali zaidi, ili vifunikane. Mizunguko iwe mingi kuliko umbali ili vipinde na kukikumbatia kiini. Mzunguko wa nje, kwa rangi nyepesi, unataka viwavi vitano hadi saba vya mizunguko 13 hadi 15.

Kosa ninaloliona zaidi ni waridi la duara kamili, kama kitufe. Waridi la kweli lina upande. Hivyo mimi huongeza petali mbili upande wa chini peke yake, nikaziacha zilegee kidogo, na ua linaonekana limeanza kufunguka. Kuhusu rangi, msijifunge kwa nyekundu na waridi. Rangi ya kikahawia ya chai ya maziwa, ikishuka hadi krimu, hutoa ua ambalo kila mgeni huuliza limetoka wapi.

Naweza kuliweka kwenye nguo ya mtoto mchanga?

Unaweza, na ni mahali pake hasa: kifuani, kwenye kola, kwenye pembe ya shali. Mambo matatu tu. Nyuma ya ua pana mafundo yanayokwaruza, kwa hiyo funika kwa kipande cha pamba laini. Usitengeneze vile vitanzi vilivyosimama kwa mtoto mchanga, vidole vyake hunasa humo. Na usitie shanga kabisa.

Na leso, kitenge, jinzi?

Leso ni nyepesi, itajikunja; shikiza kipande cha pamba nyuma yake kwanza. Kitenge kizuri, ila kifue kitoke ugumu. Jinzi inapendeza mno na bulioni nyeupe mfukoni, lakini toboa tundu la kwanza na la pili kwa sindano nene kabla, usije ukavunja ile nyembamba.

Rangi ilichuja nilipofua. Kwa nini?

Iliwahi kunitokea kwenye kitambaa cha meza cha harusi, uzi mwekundu nilioununua kwa haraka dukani bila kuujaribu. Nililia. Tangu siku ile kila shada jekundu, jeusi au la buluu nzito hupita jaribio: nalowesha kipande cha uzi, nakibana ndani ya kitambaa cheupe, nakipiga pasi. Kikiacha alama, uzi huo hauingii kwenye kazi ya kufuliwa. Siki ambayo watu hushauri haisaidii kwa pamba, usiitegemee.

Kufua ni kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, bila kufikicha na bila kukamua. Bana kati ya taulo mbili. Anika kivulini, jua la Nairobi la mchana hufubaza rangi. Pasi ipigwe upande wa nyuma, ua likiwa limezama ndani ya taulo nene. Ukipiga juu yake umelikanyaga.

Naweza kushona nikiwa kwenye matatu?

Tafadhali usifanye hivyo. Tuta moja la Jogoo Road na sindano iko pajani mwa jirani yako. Foleni ya benki, saluni, kusubiri mtoto atoke shule: hapo sawa.

Macho yangu yanachoka.

Kaa dirishani, mwanga uje kutoka upande ulio kinyume na mkono unaoshona, ili kivuli cha mkono kisiangukie kazi. Kwa anayeshona kwa mkono wa kulia, mwanga utoke kushoto. Stima ikipotea weka kazi chini. Tochi ya simu hutoa kivuli kikali kinachodanganya hesabu ya mizunguko. Rangi nyeusi juu ya nyeusi mimi huishona mchana tu, na wewe fanya hivyo.

Hakuna cherehani inayofanya hivi?

Cherehani ya nyumbani haiwezi kuzungusha uzi kwenye sindano na kuilaza. Mashine za kudarizi hujaza uzi juu ya uzi mpaka paonekane pameinuka. Papapase kwa kidole, utahisi tofauti: ule wa mkono una mapingili.

Itanichukua muda gani?

Kiwavi kinachokubalika, asubuhi moja. Waridi usiloona haya kulionyesha, wiki tatu au nne za nusu saa kila siku. Afadhali nusu saa kila siku kuliko Jumapili nzima, kwa sababu kidole gumba kinakakamaa kikikazwa saa nyingi na kesho yake hakihisi uzi.

Nikitaka kuuza, niweke bei gani?

Pima muda wako kwa saa. Waridi la viwavi 12 hunichukua kama dakika 20, na hapo mkono umezoea. Kitambaa cha meza chenye mawaridi 24 ni saa 8 za maua peke yake, bado vikonyo, majani na pindo. Zidisha saa hizo kwa kiasi ambacho ungekubali kulipwa kwa saa ukifanya kazi ya mtu mwingine, ongeza uzi na kitambaa. Mteja akiguna, mpunguzie mawaridi badala ya kupunguza bei. Mawaridi matatu pembeni mwa kitambaa kilicho wazi ni mazuri sana, na mwenye pesa kidogo anaondoka na kazi ya mkono iliyolipiwa haki yake.

Nimekosea na nimeshachomeka. Nifumue?

Kama sindano haijashuka tundu la pili, ingiza ncha ndani ya kiwavi, legeza mizunguko, uifungue mmoja mmoja. Ikishashuka huwezi kuifungua, lazima ukate. Chukua mkasi mdogo wenye ncha kali, inua mgongo wa kiwavi kwa sindano usiguse kitambaa, ukate mizunguko kwa juu, kisha uchomoe vipande kwa nyuma. Utabaki na mkia wa uzi upande wa nyuma, na lazima uufiche chini ya mishono ya jirani kabla hujaendelea. Mkia ukiwa mfupi kuliko sentimita 5 hautatosha kushonea ukiutia kwenye sindano kwanza. Basi anza na sindano: ipitishe tupu chini ya mishono ile hadi tundu lake lifike karibu na mkia, uutie uzi hapo hapo, halafu uivute itoke.